Wavarangi wa Konstantinopoli: askari wa kiapo, si wa wazimu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita na mpenzi wa mchezo wa kompyuta wa Age of Empires IV, ambao hupenda kuucheza nikiwa upande wa Bizanti, dola ya Konstantinopoli (Istanbul ya leo). Kuna askari waitwao Varangian Guard, yaani Wavarangi walinzi wa kaisari, wenye mashoka makubwa, na ukibonyeza kitufe chao wanapandwa na hasira: wanapiga kwa nguvu zaidi, lakini kinga yao inapungua. Je, hawa walikuwa Waviking wa kweli? Walipigana wakiwa wamerukwa na akili namna hiyo? Na kaisari Mkristo aliwezaje kuwakabidhi wapagani usalama wake?

Jibu: Marahaba, kijana wangu. Umeuliza maswali matatu, nami nitaanza na lile la pili, kwa kuwa jibu lake ndilo linalofungua mengine. Picha ya askari anayepandwa na wazimu, akauma ngao yake na kujitosa vitani bila deraya, haikutoka Konstantinopoli. Ilitoka kwenye masimulizi ya Iceland, yaliyoandikwa hasa katika karne ya 13, ambamo watu waitwao berserkir mara nyingi ni wakorofi wanaowasumbua wakulima, na watengenezaji wa michezo wameichukua wakamvika Mvarangi kwa kuwa wote wawili ni watu wa kaskazini. Wagiriki walioishi na Wavarangi mji mmoja, kama vile Michael Psellos katika karne ya 11 na Anna Komnene, binti wa kaisari, katika karne ya 12, wanawataja kwa shoka linalobebwa begani, na Anna anaongeza jambo ambalo nitalirudia hapa chini, yaani uaminifu. Hata jina lao linaelekea huko. Katika lugha ya Kinorse cha kale waliitwa væringjar, neno linalohusishwa na vár, maana yake kiapo. Mvarangi ni mtu aliyekula yamini pamoja na wenzake, na ningependa uishike maana hiyo tangu mwanzo, kwa sababu askari wa kiapo na askari wa wazimu hawafanani hata kidogo.

Jambo moja kuhusu dola uliyoichagua. Watu wake hawakujiita Wabizanti bali Warumi, na msomaji wa Kiswahili ana njia yake ya kuwafahamu: katika Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, Herekali mfalme wa Rumi si mwingine bali Heraclius, kaisari wa Konstantinopoli wa karne ya 7. Tunaizungumzia Rumi ileile, miaka 350 hivi baada yake.

Mwaka 988 Rumi hiyo ilikuwa chini ya Basil II, mtu wa umri wa miaka 30 ambaye kiti chake kilikuwa kinayumba. Jemadari wake Bardas Phokas alikuwa amejitangaza kaisari, sehemu kubwa ya Asia Ndogo ilimfuata, na askari wake walikuwa wamepiga kambi Chrysopolis, mahali panapoitwa leo Üsküdar, ambapo mtu akisimama ufukweni mwa Konstantinopoli anapaona ng'ambo ya maji. Basil akamwomba msaada Vladimir, mtawala wa Warus wa Kiev, ambaye mababu zake walikuwa wametoka Skandinavia na ambaye alizoea kuajiri wapiganaji kutoka huko. Masharti yalikuwa mazito kwa pande zote mbili: Vladimir angebatizwa, na Basil angemwoza dada yake Anna, binti aliyezaliwa ndani ya ikulu, kwa mtu ambaye Wagiriki walimhesabu kuwa mshenzi. Wapiganaji wakaja. Psellos anasimulia kwamba waliwavamia waasi wakiwa wameketi wanakunywa, wakawakatakata. Mwezi Aprili mwaka 989 Phokas mwenyewe alifia uwanjani Abydos, na Basil akatawala mpaka 1025.

Utakuta kila mahali kwamba wapiganaji hao walikuwa 6,000. Idadi hiyo inatokana na Stephen wa Taron, mwanahistoria wa Armenia aliyeishi wakati huohuo, na namna anavyoifikia inapendeza, kwa sababu haelezi vita vikubwa bali ugomvi wa majani ya farasi. Mwaka 1000 Basil alikuwa mashariki, akipokea ardhi za Tao karibu na Georgia. Askari mmoja wa Kirus alikuwa amebeba mzigo wa majani makavu kwa ajili ya farasi wake, Mgeorgia mmoja akamnyang'anya, Mrus mwingine akaja kumsaidia mwenzake, Mgeorgia naye akaita watu wake, na punde Warus wote waliokuwa pale wakainuka. Hapo ndipo Stephen anapoeleza kwamba walikuwa watu 6,000 wa kupigana kwa miguu, wenye mikuki na ngao, wale walioombwa kwa mfalme wa Warus wakati Basil alipomwoza dada yake. Wakuu kadhaa wa upande wa pili walikufa siku ile. Tazama vizuri silaha zilizotajwa: mikuki na ngao. Shoka refu la kushikwa kwa mikono miwili, ambalo kila mchezo humpa Mvarangi kana kwamba alizaliwa nalo, linaonekana wazi zaidi katika maandishi ya karne ya 11 na ya 12, hata Wagiriki wakazoea kuwaita pelekyphoroi, yaani wachukuao mashoka. Mchezo wako haujakosea kuwapa shoka. Umekosea tu kuwafanya kana kwamba hawakuwahi kushika kitu kingine.

Sasa, kwa nini kaisari awaamini wageni? Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Basil alikuwa amejifunza hilo kwa uchungu. Waasi wake wawili wakubwa, Bardas Skleros na Bardas Phokas, hawakuwa maadui wa nje. Walikuwa wana wa familia kubwa za kijeshi za dola yake, wenye mashamba, wakwe, marafiki na askari waliowatii wao kabla ya kumtii kaisari. Mtu wa kutoka Uppland ya Uswidi hakuwa na shemeji yeyote katika baraza la Konstantinopoli. Hakuwa na shamba la kutetea Kapadokia, hakujua Kigiriki cha fitina za ikulu, na mshahara wake ulitoka mkono mmoja tu. Kumwita mamluki ni sahihi, maana alipigana kwa malipo, lakini mamluki wa kawaida huhama anapopata mlipaji mkubwa zaidi, na hapa ndipo kiapo kilipofanya kazi yake.

Anna Komnene ametuachia ushahidi mzuri kuliko wote, na uzuri wake ni kwamba unatoka upande wa watu waliotaka kuupindua utawala. Majira ya kuchipua ya mwaka 1081 baba yake, Alexios Komnenos, alikuwa nje ya kuta za Konstantinopoli akitafuta sehemu ya kuingilia ili amwondoe kaisari Nikephoros III. Kila sehemu ya ukuta ilikuwa na walinzi wake. Wenye hekima wakamshauri asipoteze muda na Wavarangi, kwa kuwa kwao kumlinda kaisari ni kama urithi unaotoka kwa baba kwenda kwa mwana, wala hawatakubali hata kusikia neno la usaliti. Wakamwelekeza kwa Wajerumani waliokuwa wakilinda sehemu nyingine. Alexios akamtuma mtu azungumze na kiongozi wa Wajerumani hao, lango likafunguliwa, mji ukaporwa. Kisha mshindi akawarithi Wavarangi walewale, nao wakamlinda yeye.

Kuna kisa kingine, kidogo kwa ukubwa lakini kizito, kinachoonyesha nidhamu ya watu hawa walipokuwa mbali na macho ya kaisari. Mwanahistoria John Skylitzes anaandika kwamba mwaka 1034 Wavarangi walikuwa wametawanywa katika jimbo la Thrakesion, magharibi mwa Asia Ndogo, kwa ajili ya kupitisha majira ya baridi. Mmoja wao alimkuta mwanamke wa huko mahali pa faragha, akambembeleza, na alipokataliwa akataka kumbaka. Mwanamke akachomoa upanga wa mwanamume yule akamchoma moyoni. Habari zilipoenea, Wavarangi wakakusanyika. Hawakumlipiza kisasi. Walimheshimu mwanamke, wakampa mali zote za marehemu, na maiti ya mwenzao wakaitupa bila mazishi, kama inavyofanyiwa maiti ya aliyejiua. Hati ya Skylitzes yenye picha, iliyochorwa Sisilia katika karne ya 12 na kuhifadhiwa leo Madrid, inaonyesha tukio hilo, ingawa mchoraji amempa mwanamke mkuki. Ninapoona kile kitufe cha hasira, huwa ninawafikiria wale wanaume waliokusanyika na kutoa hukumu dhidi ya mtu wao.

Hata hivyo sitaki kukupa picha ya malaika. Tarehe 18 Oktoba 1081, nje ya Dyrrhachium, mji ulioko Albania ya leo, Wavarangi waliongoza jeshi la Alexios dhidi ya Wanormani, wapiganaji wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa, walioongozwa na Robert Guiscard. Walitembea kwa miguu mbele ya safu, wakauvunja upande mmoja wa Wanormani na kuukimbiza hadi baharini, kisha wakaendelea kusonga mbele mno, wakachoka, wakatengwa na jeshi lao. Guiscard akawatupia askari wa miguu ubavuni. Waliosalia wakakimbilia katika kanisa la Malaika Mkuu Mikaeli, Wanormani wakalichoma moto, nao wakateketea. Kama kuna mahali ambapo mtetezi wa kitufe chako angeweza kusimama, ni hapa, maana hasira ilikuwapo kweli. Lakini chanzo chake hakikuwa uganga wa Waviking. Wengi katika kikosi kile walikuwa Waingereza, waliopoteza nchi yao kwa Wanormani tangu mwaka 1066, na sasa waliwaona adui zao uso kwa uso kwa mara nyingine, upande wa pili wa Ulaya.

Hapo ndipo linapokuja swali lako la kwanza. Je, walikuwa Waviking? Mwanzoni wengi wao walikuwa watu wa Skandinavia na wa Urusi ya Kiev, wa kizazi ambacho tungeweza kukiita cha Waviking. Baada ya 1066 Waingereza wakawa wengi zaidi na zaidi, na mwaka 1203, Wanajeshi wa Msalaba walipozishambulia kuta za Konstantinopoli, mmoja wa viongozi wao, Villehardouin, aliwakuta juu ya ukuta Waingereza na Wadenmark wenye mashoka. Katika karne ya 14 kitabu cha taratibu za ikulu bado kinawataja Wavarangi wakimtakia kaisari maisha marefu kwa lugha yao, ambayo kitabu kinasema ni Kiingereza, huku wakigonganisha mashoka. Ama upagani, ulipungua upesi. Vladimir alibatizwa katika mapatano yaleyale yaliyomletea Basil wapiganaji, Norwei na Uswidi zilikuwa zinageuka kuwa nchi za Kikristo, na Waingereza walikuwa Wakristo kwa karne kadhaa. Kwa hiyo ukicheza Medieval II: Total War, ambao kampeni yake inaanza mwaka 1080, wale Wavarangi unaowaandikisha katika ngome zako wangepaswa kuwa na misalaba shingoni, na mwaka unavyosonga wangepaswa kuzungumza Kiingereza.

Kuandikishwa ngomeni ni kosa ambalo kwangu ni kubwa kuliko la mavazi, nalo limo pia katika mchezo wako. Unalipa chakula na dhahabu, na Mvarangi anatoka kambini kama mkate tanurini. Bizanti ya Age of Empires IV ina hata nyumba maalumu ya mamluki, ambamo wageni hukodiwa kwa mafuta ya zeituni, na Wavarangi, wageni mashuhuri kuliko wote katika historia ya dola hiyo, hawapatikani ndani yake! Safari yao ndiyo iliyowafanya wawe walivyokuwa. Kutoka Bahari ya Baltiki walipita mito ya Urusi hadi Dnieper, na kwenye maporomoko ya mto huo walishuka, wakazishusha mashua zao kwa uangalifu kandokando ya miamba au kuzibeba nchi kavu huku wengine wakiwalinda dhidi ya Wapechenegi, wapanda farasi wa nyika. Kaisari Constantine VII, katikati ya karne ya 10, aliyaandika majina ya maporomoko hayo kwa lugha mbili, ya Warus na ya Waslavoni, na majina ya Kirus yana asili ya Kinorse. Mtu aliyefika Konstantinopoli kwa njia hiyo alikuwa amekwisha kuchujwa.

Mvarangi mashuhuri kuliko wote ni Harald, mwana wa Sigurd, ambaye baadaye aliitwa Hardrada. Alikimbia Norwei baada ya vita vya Stiklestad mwaka 1030 akiwa na miaka 15, akakaa Kiev kwa Yaroslav, akaingia utumishi wa Rumi mnamo 1034, akarudi na kuwa mfalme wa Norwei mwaka 1046, akauawa Stamford Bridge nchini Uingereza tarehe 25 Septemba 1066. Masimulizi ya Iceland yanamfanya shujaa aliyeteka miji themanini na kupendwa na malkia Zoe. Shahidi wa Kigiriki, Kekaumenos, aliyeandika katika miaka ya 1070, ni mtulivu zaidi. Anasema Harald alikuja na wapiganaji 500, akapigana Sisilia, akapewa cheo cha manglabites. Akapigana Bulgaria, akapewa cha spatharokandidatos. Wala hakunung'unika kwamba vyeo hivyo ni vidogo kwa mwana wa mfalme. Kekaumenos alimleta Harald kama mfano wa kumwonya kaisari asiwapandishe wageni vyeo vikubwa mno, kwa kuwa mgeni mwema hutumika vizuri hata kwa cheo cha wastani. Mashairi ya wenzake Harald wa kaskazini yanadai pia kwamba ndiye aliyemtoboa macho kaisari, anayedhaniwa kuwa Michael V, aliyepinduliwa na wananchi mwaka 1042. Hiyo nayo ilikuwa sehemu ya kazi, kwani walinzi wa ikulu walitumwa kukamata na kuadhibu, si kupigana vitani tu.

Mchezo wa Civilization VI unamjua Harald vizuri, kwa namna yake. Tangu mwanzo aliongoza Norwei akiwa na askari aina ya Berserker. Mwaka 2020 Basil II akaongezwa akiiongoza Bizanti, lakini askari wake wa pekee ni wapanda farasi, hana Mvarangi hata mmoja. Baadaye akaja Harald wa pili, aitwaye Mvarangi, na uwezo wake mmoja ni kukodi majeshi ya miji mingine kwa bei nafuu. Mambo yamegeuzwa kichwa chini: mtu aliyekodiwa amekuwa mwenye kukodi, na kaisari aliyemwanzishia kazi ameachwa mikono mitupu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kusimama zaidi kuliko ya kupiga. Katika Hagia Sophia, kwenye roshani ya kusini, juu ya ukingo wa marumaru, kuna mikwaruzo ambayo kwa karne nyingi ilionekana kama mikwaruzo tu, mpaka mwaka 1964 ilipotambuliwa kuwa ni runi, yaani herufi za kale za watu wa kaskazini. Nyingi zimefutika. Kinachosomeka ni sehemu ya jina Halfdan. Chini yake ibada za Kigiriki zilidumu kwa saa nyingi, kwa lugha ambayo huenda hakuielewa, na yeye alikuwa juu na silaha yake, zamu haiishi, mkono ukatafuta la kufanya. Sijaona mchezo ulioweza kuonyesha saa hizo, nami naelewa ugumu wake, kwa kuwa mchezaji hawezi kufurahia kusubiri.

Ukitaka uliokaribia zaidi, mimi ningekuelekeza kwenye Crusader Kings II, ambamo mtu wa kaskazini anaweza kuondoka kwao, akajiunga na Wavarangi, kisha akarudi. Michoro yake ni duni ukilinganisha na huo wako, lakini imeelewa kwamba utumishi ule ulikuwa kipindi katika maisha ya mtu, chenye mwanzo na mwisho, na kwamba huko nyumbani kulikuwa na watu wanaongoja. Sheria ya kale ya Västergötland, nchini Uswidi, iliyoandikwa katika karne ya 13, ina kifungu kinachosema kwamba mtu hawezi kupokea urithi muda wote anapokaa Ugiriki, jina ambalo watu wa kaskazini waliipa dola ya Bizanti. Sheria haitungiwi jambo la watu wawili watatu. Bila shaka ndugu waliobaki shambani waligombana sana juu ya sehemu ya yule aliye mbali.

Na wapo waliorudi. Huko Ed, kaskazini mwa Stockholm, kuna jiwe kubwa lililochongwa runi pande mbili katika karne ya 11 kwa amri ya mtu aitwaye Ragnvald. Upande mmoja anajitaja kwa maneno machache kwamba alikuwa Ugiriki, na kwamba alikuwa kiongozi wa kikosi. Upande wa pili anamkumbuka mama yake, Fastvi, aliyefariki Ed, na kumwomba Mungu aisaidie roho yake.